Bustani ya Miti ya Matunda: Kazi Zake na Raha Yake

Leo hatutazungumza juu ya mahindi wala mtama, ambayo ndiyo watu wengi huyakumbuka likitajwa jina la Ilonga. Leo tutazungumza juu ya bustani ndogo ya miti ya matunda: ile nusu ekari nyuma ya nyumba, yenye miembe michache na michungwa. Nasema hasa na ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi, lakini mkulima wa mahali pengine penye joto na masika kama yetu naye atapata lake.

Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni hili. Mti wa matunda hautaki nguvu nyingi kama shamba la mahindi. Unataka kutembelewa. Kazi zake ni ndogo ndogo, lakini kila moja ina wakati wake, na wakati huo ukipita, kazi ya saa moja inageuka kuwa hasara ya mwaka mzima. Wengi wetu tunajua kupanda mti. Wachache tunajua kukaa nao.

Kwa nini tujisumbue?

Tazameni kalenda yetu wenyewe. Hapa Kilosa mahindi ya masika huvunwa mwezi Juni na Julai. Ikifika Desemba na Januari, ghala limeanza kuonyesha sakafu. Na hapo ndipo mambo yote huja kwa pamoja: kulima, kununua mbegu, sare za watoto na madaftari ya kufungulia shule. Sasa, embe linaiva lini? Kwa kawaida linaanza Novemba, na Desemba hadi Januari ndiyo kilele. Yaani mti unaleta chakula na fedha katika miezi ile ile ambayo shamba la mahindi linadai tu wala halitoi. Hiyo si faida ndogo. Nyumba yenye miembe kumi inayotunzwa haingii Januari kwa hofu ile ile ya nyumba isiyo na mti.

Kisha kuna afya. Embe bivu na papai lenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A, inayolinda macho na mwili wa mtoto. Chungwa lina vitamini C. Mtoto anayekula tunda kila siku nyumbani hahitaji kupelekewa maneno mengi juu ya lishe bora.

Nusu ekari inatosha

Mkulima ataniuliza, "Bwana Shamba, mimi sina eneo." Haya, tupige hesabu. Mwembe unahitaji nafasi ya meta 10 kwa 10, na mchungwa meta 6 kwa 6. Nusu ekari ni kama meta za mraba 2,000. Miembe 10 itachukua meta za mraba 1,000, na michungwa 25 itachukua 900. Nusu ekari imetosha. Wala nafasi iliyo katikati haitakaa bure. Kwa miaka mitatu ya kwanza panda humo kunde, maharage au karanga. Mazao hayo hulisha nyumba na kurutubisha udongo. Mahindi yasisogezwe karibu na miche, maana huwa marefu, yakaunyima mwanga na kugombania maji.

Lakini kabla ya kushika jembe, hakikisha ardhi ni yako kweli. Mti ni zao la kudumu, na kwa mila zetu nyingi mwenye mti huhesabiwa kama mwenye ardhi. Ukipanda mwembe katika shamba la kuazima, umepanda ugomvi. Nenda serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayebeba ndoo za maji kumwagilia miche wakati wa kiangazi. Si haki siku ya kuuza matunda yeye asikie tu kwamba gari lilikuja.

Jambo lingine ni mto. Ndugu wa bonde la Mkondoa hawajasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba na kuvunja reli. Udongo wa kando ya mto una rutuba, hilo ni kweli, lakini mti wa matunda ni wa miaka thelathini na zaidi, nao mto hauna adabu kwa muda wote huo. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Panda mahali palipoinuka kidogo, maji yasipotuama.

Mche na shimo

Nunua mche uliobebeshwa. Kubebesha maana yake ni kuunganisha kikonyo cha mti mzuri juu ya shina changa la mti mwingine wenye mizizi ya nguvu. Faida zake ni mbili. Ya kwanza, unajua utakachovuna. Kokwa la embe zuri halikuahidi embe kama lile, lakini kikonyo kilichotoka kwenye mwembe wa Dodo kitazaa Dodo. Ya pili ni muda. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati ule wa kokwa unaweza kukungojesha miaka sita au zaidi.

Kwa miembe, Dodo na Boribo zinapendwa sana masokoni mwetu, na Embe Apple, Kent na Keitt zina wanunuzi wa mbali. Kwa michungwa, Valencia inajulikana kila mahali, na sisi wa Mkoa wa Morogoro tuna chungwa letu lenye jina la Matombo. Changanya aina, matunda yasije yote siku moja.

Chimba shimo la futi mbili upana na futi mbili kina, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha rudisha shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda masika yanapoanza, mche upate mvua ndefu kabla ya kiangazi. Mahali palipounganishwa pabaki juu ya ardhi, wala pasifukiwe kamwe. Nitawaeleza sababu sasa hivi.

Mchungwa uliogeuka limau

Wako wakulima wanaolalamika hivi: "Nilinunua mchungwa, nikala machungwa miaka miwili, mwaka wa tatu ukaanza kuzaa malimau. Nimerogwa, au nimeuziwa mche wa uongo?" Ndugu yangu, hukurogwa. Miche mingi ya michungwa hubebeshwa juu ya shina la mlimau wa kienyeji, ule wenye tunda la ganda lenye mabonde mabonde. Mizizi yake ni imara na inavumilia ukame. Lakini shina hilo la chini halijafa. Likipata nafasi, huchipua. Machipukizi hayo hukua haraka, mara nyingi yana miiba mingi, na yananyonya chakula kabla hakijafika juu kwenye chungwa. Ukiyaacha mwaka mmoja au miwili, mlimau unashinda na mchungwa unakufa.

Dawa yake ni nini? Dole gumba. Pita kila wiki mbili, tazama chini ya mahali palipounganishwa, na chipukizi lolote utakaloliona ling'oe likingali laini. Ni kazi ya nusu dakika kwa mti. Likishakuwa tawi, utahitaji msumeno na mti utabaki na kidonda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ndiyo sababu mahali pa kuunganisha hapafukiwi: ukipafukia, hutaona chipukizi linatoka wapi.

Kazi za miaka mitatu ya kwanza

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche mingi. Kuanzia Julai hadi mvua za vuli, mpe kila mche debe moja la maji kwa wiki. Asiye na maji ya kutosha achukue chupa ya plastiki, aitoboe tundu dogo chini, aijaze maji na kuifukia nusu karibu na mche. Maji yatachuruzika polepole moja kwa moja mizizini.

Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche ili unyevu usipotee. Lakini acha nafasi ya kiganja kati ya nyasi na shina, maana nyasi zikigusa shina zinakaribisha mchwa na kuoza. Palilia duara la meta moja. Usilime kwa jembe karibu na shina, kwani mizizi ya michungwa iko juu juu. Ng'oa kwa mkono.

Mche ukitoa maua mwaka wa kwanza, yatoe. Najua inauma. Lakini mtoto hatwishwi mzigo.

Kuanzia Septemba kuna adui mwingine, naye ni moto. Watu wanasafisha mashamba, upepo unageuka, na miti ya miaka mitano inakwisha kwa dakika kumi. Safisha njia ya moto ya meta tatu kuzunguka bustani kabla jirani hajawasha kiberiti. Ukiweza, ongeza ua wa miti ya miiba kuzuia ng'ombe na mbuzi.

Mti unapoanza kuzaa

Miembe hutoa maua kati ya Juni na Agosti. Asubuhi moja utakuta maua yamepakwa kitu kama unga mweupe. Huo ni ugonjwa wa ubwiri unga. Maua hukauka na kuanguka, ukabaki na kijiti kitupu. Dawa ya salfa huuzuia ikiwahiwa maua yanapoanza kutoka. Ipulizwe asubuhi na mapema, jua likiwa halijawa kali, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Dawa za kuua wadudu zisipulizwe wakati wa maua, kwa sababu nyuki na inzi wadogo ndio wanaochavusha. Ukiwaua, umeyaua matunda.

Baada ya kuvuna, pogolea. Toa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoziba katikati, mwanga na hewa viingie. Mti wenye hewa hauugui ovyo. Mvua zikianza, mti mkubwa upewe madebe matatu au manne ya samadi. Usiirundike shinani. Izungushe pale kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana, maana mizizi inayokula iko huko.

Inzi wa matunda na askari maji moto

Sasa tuje kwa mwizi mkubwa wa siku hizi. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya, na mwaka huo huo hapa Tanzania. Tulikuwa na inzi wetu wa zamani, lakini huyu mgeni amewazidi. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa kuwa funza, tunda linaoza na kuanguka, funza anatoka, anaingia ardhini, na baada ya siku kama kumi anatoka akiwa inzi mpya. Kwa hiyo embe bovu lililolala chini ya mti si takataka. Ni kitalu cha inzi.

Kazi ni hii: mara mbili kwa wiki okota matunda yote yaliyoanguka. Yafukie chini ya udongo wa futi mbili, au yatie katika mfuko mweusi wa plastiki, ufunge sana na uuache juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Kuku wakiachwa wachakure chini ya miti nao husaidia. Iko pia mitego yenye harufu ya kuvutia madume. Muulize afisa ugani wako. Lakini mtego bila kuokota ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Na ukiokota peke yako huku jirani haokoti, inzi wake watakuja kwako. Kazi hii ni ya kitongoji kizima.

Tuna na msaidizi asiyelipwa. Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, tunaowaita maji moto. Wengi tunawachoma, maana wanauma kweli kweli. Lakini mahali walipo, inzi hatulii kutaga, na wadudu wengi hukimbia. Si jambo geni. Wachina wa kusini waliwaweka sisimizi wa jamii hii katika michungwa yao zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na huko Zanzibar wameonekana wakilinda minazi. Ukitaka kuwaalika, kata viota vya kundi moja asubuhi na mapema, uvitundike katika mti usio na maji moto, na uunganishe miti kwa kamba ili wapite. Usichanganye makundi mawili, watapigana mpaka waishe. Siku ya kuvuna jipake majivu mikononi na uwahi kabla jua halijapanda.

Wageni wa kutoka hifadhini

Ndugu wa Mikumi wana mzigo wa ziada. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ni jirani mwenye faida. Lakini tembo anapenda embe bivu kuliko sisi, na nyani hangoji liive. Kwa hiyo bustani iwe karibu na nyumba, si mwisho wa shamba kwenye mapito ya wanyama. Vuna mapema, na usilundike maembe ndani ya nyumba unamolala, kwa maana harufu humleta tembo mpaka ukutani. Penye tembo wengi, wakulima wa sehemu mbalimbali nchini wamezungushia kamba za katani zilizopakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu, na wengine wametundika mizinga ya nyuki, kwani tembo humwogopa nyuki. Kamba hizo hupakwa tena mvua ikizisafisha. Na usiku, usitoke kupambana na tembo kwa ajili ya embe. Toa taarifa kijijini na kwa askari wa wanyamapori. Embe litazaa tena mwakani.

Usiuze maua

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwezi Agosti mti uko katika maua, na nyumba ina shida. Mnunuzi anapita, anautazama mti, anasema, "Nipe mti mzima, hizi hapa fedha." Mkulima anapokea. Desemba mnunuzi anarudi na matenga, na mwenye mti anasimama pembeni akitazama, watoto wake wakikatazwa kuokota hata moja. Mwaka mzima amemwagilia, amepalilia, amepogolea, na faida imekwenda na gari.

Sisemi shida hazipo. Ila, kama ni lazima kuuza mapema, uza mti mmoja au miwili, si bustani. Na usiuze maua, ngoja matunda yafike ukubwa wa yai. Hesabu matunda ya robo moja ya mti, zidisha kwa nne, toa sehemu ya yatakayoanguka, na hapo ndipo utaje bei. Andika kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkiungana wakulima kumi, mnaweza kupakia gari moja na kupatana bei kwa sauti moja, ama Kilosa kwenye reli au Mikumi kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa.

Katika kuvuna, usitikise mti. Tumia upondo wenye kifuko, na embe uliache na kikonyo kidogo, kwa sababu utomvu ukimwagika huunguza ganda. Chungwa likate, usilivute. Kumbuka tofauti yao: embe lililokomaa huiva hata baada ya kuchumwa, lakini chungwa halizidi utamu likishatoka mtini. Lionje kwanza. Weka matunda kivulini, na safirisha kwa tenga badala ya gunia.

Raha yake

Nimesema sana juu ya kazi. Lakini muulizeni yeyote mwenye bustani, atawaambia kuna kitu hakipimwi kwa debe. Ni ile asubuhi ya Julai unapopita kuangalia machipukizi na kusikia nyuki juu ya maua. Ni mgeni kukalishwa kivulini badala ya kubanwa sebuleni. Ni mtoto kujua kwamba mwembe ule ulipandwa mwaka aliozaliwa, na sasa unamnunulia madaftari. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mwenye mti wa matunda hukitengeneza kivuli chenyewe.

Tunayo miembe mikubwa huku kwetu iliyopandwa na watu tusiowajua hata majina, na bado tunakula matunda yake. Hao walituachia. Sisi tutaacha nini?

Basi, ndugu wasikilizaji, tukumbuke: panda mche uliobebeshwa katika ardhi iliyo yako, ng'oa machipukizi ya chini kila wiki mbili, mwagilia kiangazi cha kwanza, safisha njia ya moto kabla ya Septemba, okota matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki, wala usiuze maua. Mwenye swali amwone afisa ugani wa kata yake, au afike kwetu Ilonga, njia mnaijua.